Ethi Nayo Inenepeshwe

Leo tuache siasa na bei ya unga kando kidogo. Nina neno juu ya waya mmoja, ule wa kijani na njano, ambao mafundi huuita ethi.

Juma lililopita jirani yangu aliniita nikaone karakana yake ya kuchomelea mageti. Iko mwisho wa kiwanja, kiasi cha mita 100 kutoka kwenye mita ya umeme. Zamani mashine ilikuwa ikikohoa kila inapowashwa, maana umeme ulifika umechoka. Sasa nyaya za moto na nyutro zimeng'olewa, zimewekwa mpya za milimita 10 za mraba, na mashine yanguruma. Lakini ethi ni ile ile ya zamani, milimita moja na nusu. Nikauliza kwa nini. "Hiyo haibebi umeme, bwana," akanijibu.

Kweli, haibebi, siku zote isipokuwa moja. Siku waya wa moto utakapogusa bati la mashine, ethi ndiyo itakayourudisha umeme huo, nao sharti uwe mwingi ili sakiti breka ikate. Breka ya jirani ni ya ampea 32, aina ya C. Ili ikate papo hapo bila wasiwasi yataka ampea 320. Sasa piga hesabu: mita 100 za shaba ya milimita moja na nusu zina ukinzani wa omu 1.2 hivi, zile za milimita 10, omu 0.18 tu. Jumlisha, kisha gawa volti 230 kwa hizo. Utapata ampea kama 165, na hapo hatujahesabu njia ya kutoka transfoma. Breka itasitasita kwa sekunde kadhaa, na bati muda huo laweza kukaribia volti 200. Kijana anayejifunza kazi kaliegemea, mkono una jasho.

Ethi ikiwa nayo ya milimita 10, kwa hesabu ile ile ampea zapita 600.

Wamarekani wameliandika hili katika kanuni zao: ukinenepesha waya wa moto, nenepesha na ethi kwa uwiano ule ule. Jedwali la kimataifa ni jepesi zaidi: hadi milimita 16, ethi na moto ziwe sawa.

Wako watakaosema fimbo ya shaba iliyochimbiwa mlangoni yatosha. Ikiwa ukinzani wa udongo ni omu 20, zitapita ampea 11 na nusu tu. Breka ya 32 haitashtuka hata kidogo. Anayetegemea fimbo peke yake hana budi kufunga kifaa kinachokata umeme unapovuja, kile cha miliampea 30.

Nilikuwa tayari kumlaumu fundi. Kumbe fundi aliiandika roli ya ethi katika orodha ya vifaa, jirani mwenyewe akaifuta kwa kalamu kupunguza gharama! Ameahidi kuinunua mwisho wa mwezi. Nilimsihi asiwashe mashine hadi hapo.

Jana jioni niliisikia ikinguruma.