Wimbo Usioondoka
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bagamoyo)



Nimeombwa niseme juu ya filamu na michezo ya nyimbo niipendayo. Sisi wa miaka ya 1990 tulianza na za Kihindi, katika mabanda ya video. Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998 tuliiimba bila kuelewa neno. Nazipenda hadi leo. Lakini wimbo ulipoanza, wengi walitoka kununua karanga, na waliporudi hadithi ilikuwa haijawapita.

Kisha nikaiona Sarafina!, filamu ya mwaka 1992 iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema. Hakuna aliyetoka. Wanafunzi wa Soweto wanaimba yale wasiyoruhusiwa kuyasema. Baadhi ya vijana waliokimbia baada ya maasi ya 1976 tuliwapokea nchini mwetu, wakasoma Mazimbu, Morogoro. Ondoa nyimbo zile, hadithi inaanguka.

Kipimo hicho hicho nakitumia hapa Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Ngoma ikinyamaza, mchezo nao umesimama.

Ndugu zangu, naungama jambo moja. Nilipokuwa mwanafunzi niliwacheka wenzangu wa kikundi cha ngoma, kumbe nilitamani kujiunga nao nikaona aibu. Leo nakaa ofisini, vidole vinagonga meza, na ngoma sijui kuipiga.

Wanafunzi, msiniige.