RAMADHANI KATIKA NYUMBA YENYE WATOTO WADOGO

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu: kila Ramadhani tunasikia mawaidha juu ya saumu, juu ya Qur'ani, juu ya tarawehe na Laylatul Qadr. Ni mawaidha mema, na tunayahitaji. Lakini mara nyingi huzungumza kana kwamba mwenye kufunga anaishi peke yake, ana chumba chake na wakati wote ni wake. Wengi wetu hatuishi hivyo. Nyumba zetu zina mtoto wa kunyonya, mwengine wa miaka mitatu, mwengine wa miaka sita anayerudi shule na njaa yake, na wa miaka tisa anayeng'ang'ania kufunga. Siku zote 29 au 30 tunakuwa nao.

Basi leo nataka tuizungumze nyumba hiyo, na neno langu ni moja: penye watoto wadogo, kazi ya nyumbani ni sehemu ya ibada ya mwezi huu, na ni juu ya kila mtu mzima aliyemo ndani, si juu ya mama peke yake.

HEBU TUTAZAME SIKU MOJA

Mama anaamka saa tisa na nusu usiku kupasha daku moto. Anaamsha watu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Baada ya swala ya alfajiri wengine wanarudi kulala. Yeye anapika uji wa watoto, anatafuta soksi iliyopotea, anawatoa waende shule. Anafua, anaogesha mdogo, anapika chakula cha mchana cha wasiofunga, naye harufu anainusa tu. Ikifika saa tisa mchana, kazi kubwa ndiyo inaanza: kukuna nazi, kuchemsha mbaazi, kukunja sambusa, kukaanga viazi vya karai na kaimati. Magharibi ikiadhiniwa anafungua kwa tende moja akiwa amesimama, mtoto kiunoni. Kisha vyombo. Tarawehe anaisikia kwenye kipaza sauti cha msikiti akiwa anaosha masufuria.

Sasa jiulize, kijana wa miaka ishirini wa nyumba hiyo yuko wapi? Amelala mpaka adhuhuri. Alasiri yuko barazani na simu. Saa kumi na mbili na robo anaingia na kuuliza, "Mama, futari bado?" Na huyu, jamani, ndiye tunayesema kwamba amefunga vizuri kwa sababu anahitimisha juzuu kila siku!

MTUME (S.A.W.) NDANI YA NYUMBA YAKE

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba al-Aswad bin Yazid alimuuliza Bibi Aisha (R.A.) Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Bibi Aisha akajibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukiingia hutoka kwenda kuswali. Tazameni mpango huo. Huduma ya nyumba haikumzuia swala, wala swala haikuwa udhuru wa kuikimbia nyumba. Ikiwa kiongozi wa umma aliyekuwa na majeshi, wageni na wahyi alipata nafasi ya kuhudumia nyumbani, mwanafunzi aliye likizoni atasema nini?

KUMI LA KWANZA: WATOTO NA SAUMU YAO

Siku za mwanzo watoto ndio wenye hamu kuliko sisi. Wanataka kuamshwa daku, wanataka kuhesabiwa. Mtoto ambaye hajabaleghe hakulazimishwa kufunga, lakini kuzoezwa ni jambo la sunna lenye asili. Bibi Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) ameeleza, katika Bukhari na Muslim, kwamba walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akililia chakula wakimpa kile kitu ajishughulishe nacho mpaka wakati wa kufuturu. Naye Sayyidna Umar (R.A.) alimkemea mtu aliyelewa mchana wa Ramadhani kwa kumkumbusha kuwa hata watoto wamefunga.

Tuzingatie hapo. Masahaba hawakumwambia mtoto "nyamaza". Walikaa wakamtengenezea kitu. Yaani mtoto akifunga, mtu mzima naye ana kazi ya kufanya! Basi kaka na dada, saa ile ya kumi mpaka magharibi, ambayo mtoto aliyefunga huwa mzito na mwenye kulia, iwe ni yako. Msomee kisa cha Nabii Yunus (A.S.), mfundishe sura fupi, mkateni makaratasi, mpangeni tende kwenye sahani.

Na tusipitilize. Mdogo aanze kwa kufunga mpaka adhuhuri, kisha mpaka alasiri, kila mwaka aongeze. Asichekwe akishindwa, wala asilinganishwe na mtoto wa jirani. Akiona kizunguzungu, akitapika au akilegea, apewe maji na chakula pale pale. Mwenye kisukari, pumu au selimundu asijaribishwe bila ya daktari kuulizwa.

KUMI LA KATI: HASIRA NA KARAI LA MAFUTA

Hapa ndipo nyumba inapochoka. Usingizi umepungua, pesa za matumizi zimepungua, na sauti zinapanda. Mtoto wa miaka mitatu hajui saumu ni nini. Anachojua ni kwamba mwezi huu akimwaga maji anapigwa, na mwezi uliopita hakupigwa. Jamani, tunamfundisha nini huyu? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kufunga akitukanwa au akigombezwa aseme kwamba yeye amefunga. Ikiwa hilo ni kwa mtu mzima aliyekutukana makusudi, vipi kwa mtoto aliyemwaga uji?

Tena kuna hatari ambayo hatuizungumzi. Nusu saa kabla ya magharibi ndiyo saa ambayo mafuta yanachemka, jiko la makaa liko chini, mama ana haraka, na watoto wanakimbizana jikoni. Mtoto mmoja akivuta mkono wa karai, Ramadhani ya nyumba nzima inahamia hospitali. Awekwe mtu wa kuwatoa watoto jikoni saa hiyo, kila siku, bila kukosa. Na mtoto akiungua, Mwenyezi Mungu atuepushie, mahali hapo pamwagiwe maji baridi ya bomba kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Si dawa ya meno, si unga, si mafuta.

Nyinyi mama zetu mnaonyonyesha, dini imewapa nafasi. Mwenyezi Mungu (S.W.) ametujulisha katika Suratul Baqara, aya ya 185, kwamba anatutakia wepesi. Mama akihofia afya yake ana ruhusa ya kula na atalipa baadaye. Akimhofia mtoto peke yake, katika madhehebu ya Imam Shafi atalipa na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Asione haya kwa mawifi. Na sisi wengine tusimtupie jicho tukimwona anakunywa chai.

Kuhusu msikitini, wako wanaomkaripia kila mtoto anayetoa sauti kwenye tarawehe. Mtume (S.A.W.) aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama, na alikuwa akisikia kilio cha mtoto akiifupisha swala kwa kumwonea huruma mama yake. Mtoto afunzwe adabu, naam, na asiachwe kuvuka barabara peke yake usiku. Lakini akifukuzwa leo kwa matusi, akifika miaka kumi na sita tutamtafuta wapi?

KUMI LA MWISHO: NANI ATAMWAMSHA MAMA?

Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa yakiingia masiku kumi ya mwisho Mtume (S.A.W.) alikuwa akijifunga kibwebwe, akiuhuisha usiku, na akiwaamsha watu wa nyumba yake. Hakuondoka peke yake kwenda kuvuna akaiacha nyumba usingizini.

Kwetu mambo huwa kinyume. Masiku haya ndiyo mama ana kazi zaidi: nguo za watoto, mapazia, vileja na visheti vya Idd. Kijana anakwenda itikafu na begi lililopangwa na mama! Itikafu ni sunna tukufu, na simzuii mtu. Lakini kabla ya kutoka, muulize mamako: "Usiku gani unataka uswali? Mimi nitambeba mtoto." Usiku mmoja tu wa witri ukiwa wake, yeye na mswala wake na dua yake, pengine ndio huo Laylatul Qadr, na wewe uliyekuwa ukimbembeleza mtoto barazani hukutoka mkono mtupu. Aliyemfuturisha mwenye kufunga amebashiriwa thawabu mfano wa zake, na mama huyo amefuturisha watu wangapi mpaka leo?

Na wadogo tusiwasahau kwenye zaka ya fitri. Baba humtolea hata mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya jua la siku ya mwisho kuzama, pishi moja ya chakula, ambayo ni vibaba vinne. Basi mpe mtoto apime mchele kwa mkono wake na mwende naye mpaka kwa mwenye kupokea. Atajua mapema kwamba Idd si nguo mpya tu.

TUGAWANE KAZI

Haya si maneno ya kusikilizwa na kuachwa. Leo usiku kaeni mkagawane:

1. Daku apashe kijana, mama aamshwe chakula kikiwa tayari.

2. Watoto wa shule watayarishwe na mwengine angalau siku tatu kwa juma.

3. Saa ya mwisho kabla ya futari, watoto wawe na mtu wao, mbali na jiko.

4. Vyombo vya futari vioshwe na wanaume, kwa zamu, kabla ya kwenda msikitini.

5. Futari ipunguzwe. Aina mbili zatosha. Sahani sita mezani ni saa mbili za mama jikoni.

Mtu atasema, "Hizi ni kazi za wanawake." Mwambie arudi kwenye jibu la Bibi Aisha (R.A.).

Ndugu zangu, mtoto hatakumbuka ulikhitimisha mara ngapi. Atakumbuka nyumba ilikuwaje. Alisikia Qur'ani au makelele? Alimwona mamake akiswali au akilia jikoni? Siku moja naye ataijenga Ramadhani ya nyumba yake kwa mfano huo aliouona kwetu.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, awalinde watoto wetu, awape wazazi wetu afya na malipo makubwa, na atufikishe Idd sote salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.