Mlinzi wa Nyuma na Saumu Yake: Mhadhara wa Usiku wa 12 wa Ramadhani

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa na uhai na afya. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake, na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Kiyama. Amma baad.

Waheshimiwa wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu, na ninyi watoto wetu mliokaa pale nyuma karibu na sinia za sambusa: usiku huu tumekusudia kuzungumza juu ya mcheza mpira. Tunajua kwamba wapo watakaoshangaa. Ramadhani ni mwezi wa Qurani, na mimbari si mahali pa habari za viwanjani. Tunawaomba mtuvumilie, kwa kuwa habari hii inatuhusu sisi tulio mbele yenu kabla ya kuwahusu ninyi, nayo ina deni ndani yake.

Mwaka 2010 Ramadhani ilianza katikati ya Agosti. Wenye kukumbuka wanakumbuka jinsi mchana wa huku Minnesota ulivyokuwa mrefu, saumu ikizidi saa kumi na tano, na joto lake la unyevunyevu linalofanana na la pwani yetu kabla ya mvua. Katika siku zile alitujia kijana wa jumuiya hii. Alikuwa amechaguliwa katika timu ya shule yake ya sekondari, timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega ya kuvaa. Akatuuliza: "Maalim, nifanyeje? Mazoezi ni mchana, nami nimefunga." Tulikuwa na haraka, watu walikuwa wanasubiri kusimamishiwa Tarawehe. Tukamjibu kwa neno moja: achague, mpira au dini. Kijana akainamisha kichwa, akaitikia, akatoka. Tuliona kwamba tumemaliza kazi. Jibu lile lilikuwa fupi, na ufupi wake tuliudhani kuwa ni uthabiti.

Sasa tuwasimulieni jambo ambalo hatukulijua siku ile. Katika mji wa Mankato, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa, timu kubwa ya jimbo letu, Minnesota Vikings, ilikuwa na kambi yake ya mazoezi. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Mwislamu, naye alikuwa amefunga. Jina lake ni Husain Abdullah.

Husain alizaliwa mwaka 1985 huko California, akasoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Nafasi yake uwanjani ilikuwa ya ulinzi, nafasi tunayoweza kuiita mlinzi wa nyuma. Kwa wasioujua mchezo huu tueleze kidogo. Timu yenye mpira hujaribu kuusogeza mbele mpaka mwisho wa uwanja wa wapinzani. Walio mstari wa mbele wa ulinzi hupambana kifua kwa kifua. Nyuma yao kuna wengine, na nyuma kabisa husimama huyu mlinzi wa nyuma. Kazi yake ni kuona uwanja wote, kusoma nia ya mrusha mpira kabla hajarusha, na kumzuia yeyote aliyewapita wenzake. Wa mbele akikosea, yupo wa kumsetiri. Mlinzi wa nyuma akikosea, hakuna aliyebaki, na kosa lake linaonwa na watu elfu sabini waliokaa uwanjani na mamilioni walio majumbani.

Mwaka 2008, klabu za Ligi ya NFL zilipochagua wachezaji wapya wa vyuo, raundi zote saba zilipita na jina la Husain halikutajwa. Vikings walimchukua baadaye, miongoni mwa wale wanaoitwa kujaribiwa tu, ambao wengi wao hurudishwa nyumbani kabla ya msimu kuanza. Yeye akabaki. Alianza katika kazi zisizo na sifa, akapanda hatua kwa hatua, hata akafikia kuwa mchezaji wa kuanza mechi.

Mtu aliyeingia kwa mlango mwembamba namna hiyo angekuwa na kila sababu ya kuificha saumu yake. Husain hakuificha. Aliwaambia wakuu wake kwamba katika mwezi huu hali wala hanywi mchana, mazoezini na hata siku za mechi. Nao, badala ya kumfukuza, wakakaa naye. Kwa msaada wa mtaalamu wa lishe ukapangwa utaratibu: ale nini wakati wa kufuturu, anywe maji kiasi gani usiku, aamke saa ngapi kwa ajili ya daku. Kocha mkuu, Brad Childress, aliunga mkono jambo hilo.

Ndugu zetu, tusielewe vibaya. Hatusemi kwamba kila kijana anayecheza katika jua la Agosti afanye kama alivyofanya yeye. Husain alikuwa mtu mzima, mwenye madaktari waliomwangalia kila siku. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, ametutajia saumu na papo hapo akamtajia mgonjwa na msafiri ruhusa yao, kisha akatujuza kwamba anatutakia wepesi. Mtoto aliyezidiwa na kiu hata akaona kizunguzungu ni lazima aokolewe, na hilo halihitaji kusubiri fatwa. Tunalosema ni hili: lilikuwapo jibu la tatu baina ya mpira na dini, nalo lilikuwa ni kwenda kuzungumza na kocha. Sisi hatukulitafuta.

Tuendelee na habari ya mtu huyu. Mkataba wake na Vikings ulipokwisha, alikuwa na umri wa miaka 26, yaani katika kilele cha nguvu zake. Maisha ya kazi katika ligi ile ni mafupi mno. Goti moja tu likiteguka, mlango umefungwa. Kila mshauri wa kidunia angemwambia atafute mkataba mwingine haraka. Naye, pamoja na kaka yake Hamza Abdullah, ambaye pia alikuwa mlinzi wa nyuma katika ligi hiyo hiyo, wakaamua kuuacha msimu wote wa 2012. Katika Ramadhani ya mwaka ule wakazunguka Marekani wakizuru misikiti 30 kwa siku 30. Kisha, mwezi wa Oktoba, wakaenda Hija.

Wapo kati yetu wanaosema kila mwaka: "Mwakani, inshaallah. Tumalize kwanza deni la nyumba. Tupate kwanza cheo kazini." Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na uwezo si fedha peke yake. Uwezo ni magoti yanayoweza kutembea baina ya Safa na Marwa. Ndugu hawa wawili walikuwa nao uwezo huo, na hawakuungoja uchakae. Wala hawakuwa na ahadi ya mtu yeyote kwamba wakirudi watakuta nafasi. Hamza hakurudi tena uwanjani. Husain alichukuliwa na Kansas City Chiefs mwaka 2013. Riziki zao zilitofautiana, ingawa nia ilikuwa moja. Basi tusiwafundishe watoto wetu kwamba mwenye kumtii Mola wake hulipwa lazima kwa mshahara wa kesho yake.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 2014, siku ya Jumatatu, Chiefs walicheza nyumbani, uwanja wa Arrowhead, dhidi ya New England Patriots, mechi iliyotazamwa nchi nzima. Katika robo ya mwisho Husain aliidaka pasi ya Tom Brady, mrusha mpira mashuhuri kuliko wote wa zama zake, akakimbia nayo yadi 39 mpaka mwisho wa uwanja akapata alama sita. Alipofika akateleza kwa magoti, kisha akaweka paji la uso wake chini, akasujudu.

Mwamuzi akarusha kitambaa cha njano. Timu ikaadhibiwa yadi 15 kwa utovu wa nidhamu wa mchezaji, kwa maana kanuni ilikuwa ikikataza kusherehekea mtu akiwa chini. Watu wakazozana usiku kucha, kwa kuwa wachezaji wa dini nyingine walikuwa wamezoea kupiga goti na kuomba pasipo kuadhibiwa. Siku ya pili ligi yenyewe ikatangaza kwamba adhabu ile haikustahili, na kwamba kanuni haimhusu mchezaji anayeshuka chini kwa ajili ya ibada.

Mwenyewe je? Alikuwa na nafasi ya kulalamika, na taifa zima lilikuwa tayari kumsikiliza. Yeye akaeleza kwamba adhabu huenda ilitokana na kule kuteleza kabla ya sijda. Sijda yenyewe alikuwa amejiwekea nia tangu Hija, kwamba akiidaka pasi na kufika mwisho wa uwanja atamsujudia Mola wake. Tazameni, ndugu zetu, alivyopima jambo lake. Alitenga furaha ya nafsi na shukrani ya Mwenyezi Mungu, akakubali kulaumiwa kwa ile ya kwanza ili ya pili ibaki safi. Ni mara ngapi sisi tunadhulumiwa kidogo kazini kwa ajili ya swala zetu, tukasahau kujiuliza iwapo tulichelewa kurudi kwa sababu ya swala au kwa sababu ya mazungumzo ya mlangoni baada ya swala?

Sasa tufike mwisho wa kazi yake, kwa sababu hapo ndipo penye mtihani mkubwa zaidi. Mchezo huu huvunja, na kinachovunjika zaidi hakionekani. Mwaka 2002 daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, aliyewahi kuwa mchezaji mkubwa wa Pittsburgh, akaona ndani yake madhara ya mapigo ya miaka mingi. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha uchunguzi wa bongo za wachezaji 111 wa zamani wa NFL waliokwisha kufariki. Madhara hayo yalionekana katika bongo 110. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba bongo hizo hazikuchukuliwa kwa bahati nasibu, kwani familia nyingi zilizitoa zikiwa tayari na wasiwasi. Hata hivyo, mzazi akisikia hesabu hiyo hapati usingizi.

Husain Abdullah alipata mtikisiko wa ubongo mara tano. Baada ya ule wa tano, katika msimu wa 2015, alikaa akatafakari. Mwezi wa Machi 2016, akiwa na umri wa miaka 30, akatangaza kwamba anastaafu. Alieleza kwamba angependa kuifaa familia yake, jamii yake na nchi yake, na kwamba kwa kazi hiyo atahitaji akili timamu.

Mtume wetu ametufundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Mtu huyu aliutumikisha mwili wake katika njaa ya mchana kwa ajili ya Mola wake. Na alipoona kwamba sasa unaangamizwa kwa ajili ya dunia, akauondoa. Saumu hutufundisha kujizuia na kilicho halali kwa muda maalumu. Aliyejizoeza kuyaacha maji katika joto la Agosti, huenda akawa na nguvu ya kuiacha fedha na sifa saa yake ikifika.

Ndugu zetu, tulisema kwamba habari hii ina deni. Kijana wetu yule alichagua mpira. Hakufanya hivyo kwa kiburi. Tulimpa milango miwili akapita katika mmoja, na kwa miaka mingi hatukumwona hapa. Mwaka jana tulikutana naye mazikoni. Sasa ni mtu mzima, ana watoto. Alitupokea kwa heshima zote, "Shikamoo, Maalim," akatushika mkono. Tukamkumbusha siku ile, tukamwambia kwamba tulikosea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, sikuwa nataka ruhusa ya kula. Nilikuwa nataka mtu wa kwenda nami kwa kocha."

Tangu siku ile neno hilo halijatutoka. Katika jumuiya ya wahamiaji, mtoto ndiye mkalimani wa wazazi wake hospitalini, benki na shuleni. Lakini anapohitaji yeye kusemewa, hutazama nyuma akaona hapana mtu. Sisi wazee ndio walinzi wa nyuma wa watoto hawa. Wakipitwa wao, tumebaki sisi. Tukikosa sisi, hakuna mwingine.

Kwa hiyo tumekubaliana na viongozi wa jumuiya jambo dogo. Yeyote mwenye mtoto shuleni ambaye Ramadhani, Ijumaa au Idi inamletea uzito, katika michezo au katika mitihani, aandikishe jina lake kwa katibu baada ya Tarawehe. Mmoja wetu atafuatana naye kwenda kuonana na mwalimu. Wala hatutakwenda kugombana. Tutaeleza saumu ni nini, tutasikiliza wao wana hofu gani juu ya afya ya mtoto, na tutatafuta njia pamoja. Na iwapo mtoto wenu acheze mchezo huu au asicheze, hilo ni la wazazi na daktari. Sisi hatutajibu tena kwa haraka.

Ewe Mola wetu, tutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu. Tusamehe majibu tuliyoyatoa tukiwa wazima wa ndimi na wagonjwa wa subira. Warudishe waliotoka kwa sababu yetu, na utufanye sisi kuwa wa kwanza kuwafungulia mlango. Walinde watoto wetu katika miili yao na dini yao. Warehemu wazazi wetu waliotangulia, waliolala huku ugenini na waliolala nyumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.