Mishipa Iliyovimba Miguuni: Ni Ipi ya Kutibiwa?

Mtu akiona mishipa imejitokeza miguuni mwake kama mizizi ya mti, swali lake la kwanza huwa ni hili: je, lazima ikatwe? Mara nyingi jibu ni la. Lakini yuko mwingine ambaye mishipa yake haionekani sana, naye ndiye anayehitaji daktari upesi. Ukubwa wa mshipa peke yake hauamui neno.

Damu iliyofika nyayoni haina budi kupanda tena hata moyoni. Mashavu ya miguu huisukuma mtu atembeapo, na ndani ya mishipa mna vilango vidogo viizuiavyo isirudi chini. Vilango hivyo vikilegea, damu hushuka na kujaa, na mshipa hutanuka na kujipinda. Hali hii huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, wanawake waliozaa mara nyingi, na wale ambao wazazi wao walikuwa nayo.

Daktari humpima mgonjwa akiwa amesimama, kwa sababu alalapo mishipa hunywea. Mshipa wenye upana wa milimita 3 au zaidi ndio uhesabiwao kuwa umevimba; vile vyuzi vyembamba vya rangi ya buluu au nyekundu si kitu cha kuogopwa. Zamani daktari aliinua mguu, akafunga paja kwa mpira, kisha akamsimamisha mgonjwa na kutazama damu ijazavyo mishipa, kwa njia iliyoelezwa na Friedrich Trendelenburg wa Ujerumani katika karne ya 19. Siku hizi mashine ya mawimbi ya sauti huonyesha wazi kilango kilichoharibika.

Mguu usiouma, wenye ngozi nzima, waweza kuachwa. Mguu ulio mzito na wenye maumivu kila jioni wastahili kupimwa. Tena ngozi iliyo juu kidogo ya kifundo itazamwe kwa makini. Ikiwasha, ikawa ngumu au ikageuka rangi, kidonda kiko karibu. Juu ya ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani kwa urahisi, basi na ilinganishwe na ya mguu wa pili, na kupapaswa kwa vidole. Kidonda cha mahali hapo kisichopona kwa majuma mawili kipelekwe hospitali.

Mshipa ukipasuka, damu hutoka kwa wingi hata mtu akaweza kufa akiwa amesimama au ameketi. Alazwe chini mara moja, mguu uinuliwe juu, na kitambaa safi kikandamizwe kwa nguvu mahali pale. Kisha apelekwe hospitali. Na mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Huo usingoje kesho.

Matibabu ya leo ni kuuziba mshipa kwa joto, au kuupiga sindano ya dawa ya povu; upasuaji hufuata hayo yasipofaa. Mwenye mimba kwa kawaida hungoja ajifungue, kwani mishipa mingi hupungua baadaye. Soksi za kubana hutuliza maumivu ila haziponyi vilango, wala asizivae mwenye kidonda au ugonjwa wa sukari kabla daktari hajapima kama damu yafika vizuri nyayoni. Mguu uliokwisha pungukiwa na damu, ukibanwa, waweza kuoza.