Kujua Kitu Kilipo

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wetu wa zamani, mpima ardhi Serikalini, katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani.)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya kazi yangu ya upimaji. Nilimjibu kwamba nitazungumza juu ya upimaji, lakini si wa ardhi. Nataka niwaeleze jinsi wataalamu wanavyotafuta mahali pa mmweko mmoja wa angani, ambao jicho haliuoni, na ambao huisha kabla hujamaliza kutamka jina lako na la baba yako. Mwisho nitarudi ardhini, kwa maana ninalo jambo la kukiri mbele yenu.

Miale ya gama ni ndugu wa nuru hii tuionayo, na ni ndugu wa eksirei za hospitali, ila nguvu zake zinapita hizo zote. Hewa inayoizunguka dunia huizuia isitufikie, na hiyo ni heri yetu. Lakini kwa sababu hiyo, anayetaka kuiona hana budi kupeleka vyombo vyake juu kuliko hewa. Tena miale hiyo haikusanywi kwa lenzi kama nuru ya kawaida, kwani hupenya na kwenda zake. Basi kipokezi kimoja kinaweza kusema, "Nimepigwa saa fulani," lakini hakiwezi kusema kwa uhakika kimepigwa kutoka upande gani.

Habari yenyewe ilianza kwa mabomu. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia sahihi mkataba wa kutofanya majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani, angani na baharini. Marekani ikarusha setilaiti zilizoitwa Vela, zikienda mbili mbili, ili kuchungua kama kuna atakayevunja mkataba. Tarehe 2 Julai, 1967, setilaiti hizo zilipokea mmweko wa miale ya gama ambao haukufanana na wa bomu. Hakuna aliyejua siku ile. Mwaka 1969 ndipo Ray Klebesadel na Roy Olson, walipokuwa wakipitia kumbukumbu za vyombo hivyo, walipouona. Setilaiti za Vela zilizofuata zilikuwa na saa bora zaidi, na mwaka 1973 wao na mwenzao Ian Strong wakatangaza mimweko 16, wakaonyesha kwamba haikutoka duniani wala kwenye jua.

Walijuaje? Hapa ndipo upimaji unapoingia. Fikirini wavuvi wawili, kila mmoja katika ngalawa yake, na wimbi moja refu linakuja. Ngalawa moja itainuliwa kwanza, ya pili itafuata. Ukijua umbali kati yao, ukajua kasi ya wimbi, na kila mvuvi akakuambia saa aliyoinuliwa, utajua wimbi limekuja kwa pembe gani. Nuru huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Setilaiti mbili zikiachana kilomita 200,000, mmweko unaweza kuipiga moja mapema kuliko nyingine kwa zaidi ya nusu sekunde. Tofauti hiyo ndiyo kamba ya kupimia.

Lakini wawili hawatoshi. Kwa vyombo viwili unapata duara zima lililochorwa angani, na mmweko unaweza kuwa popote juu ya mstari wake. Cha tatu kinaleta duara la pili, na maduara hayo hukatana mahali pawili. Cha nne huamua ni papi. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1970 wataalamu wamekuwa wakiunganisha saa za vyombo vya mataifa mbalimbali, vingine vikiwa safarini kuelekea Zuhura na sayari nyingine, maana vyombo vikiachana sana, kipimo huwa kizuri zaidi. Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Angani methali hiyo ni hesabu.

Hata hivyo, kujua upande si kujua umbali. Kuanzia 1991 hadi 2000 setilaiti ya Marekani iliyoitwa Compton ilihesabu mimweko zaidi ya 2,700, nayo ilienea sawasawa pande zote za mbingu. Mwaka 1993 wataalamu wakaigawa mafungu mawili: mifupi, isiyofika sekunde 2, na mirefu. Lakini je, ilikuwa jirani ya kundi letu la nyota, au mwisho wa upeo? Wakubwa wa elimu hiyo walibishana hadharani, kwa sababu mahali palipopimwa palikuwa papana mno kuweza kuelekeza darubini.

Sasa vijana nisikilizeni, kwa kuwa jibu lilipita mlangoni petu. Tarehe 28 Februari, 1997, setilaiti ya Waitalia na Waholanzi iliyoitwa BeppoSAX ilipokea mmweko mrefu, kisha ikageuzwa kutazama pale pale, ikaona mabaki ya eksirei yakififia kama kaa la moto. Kwa mara ya kwanza mahali pakapatikana vizuri, na muda si mrefu ikathibitika kwamba mimweko hiyo hutoka mbali kupita kiasi. Habari za chombo hicho zilikuwa zikishushwa Malindi, katika kituo cha Waitalia pale pwani. Ni pwani hiyo hiyo ambako, tarehe 12 Desemba, 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mbingu kwa eksirei, ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya Kenya. Mwaka 1997 mimi nilikuwa kidato cha pili katika shule hii. Nilikuwa nikijua majina ya wachezaji wote wa timu yetu ya taifa, lakini hilo sikulijua.

Ikabaki mimweko mifupi. Hiyo ilikuwa migumu zaidi, kwani mabaki yake ni hafifu na huzimika upesi. Mwezi Novemba 2004 ikarushwa setilaiti ya Swift, ambayo Malindi ilichaguliwa kuwa kituo chake cha kushushia habari. Juu ya vipokezi vyake palitandazwa vigae vya risasi kama 52,000, kwa mpango usio na mistari. Mmekaa chini ya banda la makuti yaliyotoboka, mkaona jua linavyochora madoa sakafuni? Jua likisogea, madoa nayo husogea. Vivyo hivyo, mmweko ukipiga vigae vile, kivuli chake juu ya vipokezi hueleza ulikotoka. Chombo hufanya hesabu chenyewe na kugeuka chenyewe, pasipo kungoja ruhusa ya mtu.

Tarehe 9 Mei, 2005, Swift ilipokea mmweko wa sehemu 4 za mia za sekunde. Kwa muda wa dakika moja hivi ilikuwa imekwisha kugeuka, na darubini yake ya eksirei ikakusanya chembe za nuru 11. Sikukosea kusoma: kumi na moja. Kwa chembe hizo wakachora duara ambalo upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya upana wa mwezi mpevu. Pembeni yake palikuwa na kundi kubwa la nyota za zamani, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2. Hiyo ilikuwa dalili kwamba mimweko mifupi haitokani na vifo vya nyota changa, bali labda na nyota mbili za nutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zinapogongana. Lakini angalieni uungwana wao: waliandika kwamba ndani ya duara lile yalikuwamo pia makundi mengine hafifu ya nyota, na kwamba chembe ni 11 tu. Walichora duara la shaka yao, wakaliweka mezani.

Ushahidi wenyewe ulifika tarehe 17 Agosti, 2017, saa 9 na dakika 41 alasiri kwa saa zetu. Vituo vya LIGO kule Marekani, kimoja Hanford na kimoja Livingston, vilipokea mtikisiko wa mawimbi ya mvutano. Sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikapokea mmweko mfupi wa gama, na chombo cha Ulaya, Integral, kikauthibitisha. Sasa, ulikuwa wapi? Fermi peke yake ilitoa eneo la mbingu ambalo lingemeza miezi mipevu zaidi ya 5,000. Katika kumbukumbu ya Livingston, nukta ile ile, paliingia kelele ya mtambo iliyofunika sehemu ya mtikisiko. Na kituo cha tatu, Virgo, karibu na Pisa nchini Italia, kilikuwa kizima kabisa, lakini hakikusikia kitu cha maana.

Mtu mvivu angesema: kimoja kina kelele, kingine hakikusikia, tuviache. Wao hawakufanya hivyo. Ile kelele waliiandika, wakaeleza walivyoiondoa. Na kimya cha Virgo wakakipima. Kila kituo cha namna hiyo kina pande ambazo kusikia kwake ni dhaifu. Ikiwa Virgo ilikuwa macho na haikusikia, basi mgongano ulitokea katika mojawapo ya pande hizo. Kwa kimya hicho eneo likapungua hadi kama miezi 150. Hata Swift, ambayo wakati ule ilikuwa imezibwa na dunia, ilieleza wazi kwamba ilizibwa, kisha ikajiunga na msako.

Watazamaji wakashika orodha ya makundi ya nyota yaliyomo katika eneo hilo, wakapita moja moja, kama balozi apitavyo nyumba kwa nyumba. Karibu saa 11 baada ya mgongano, darubini ya Swope huko Las Campanas, Chile, yenye kioo cha mita moja tu, ikakuta nuru mpya katika kundi liitwalo NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130. Nuru ile ilibadilika siku hadi siku kutoka buluu kuwa nyekundu, ikionyesha kwamba katika migongano ya namna hiyo huzaliwa metali nzito za jamii ya dhahabu. Pete iliyo kidoleni mwa Bwana Mwenyekiti huenda ina asili ya namna hiyo.

Sasa narudi ardhini. Nilipokuwa mpima kijana, nilitumwa kurudisha mpaka wa mashamba ya ndugu wawili, watoto wa mtu na mdogo wake. Jiwe moja la mpaka lilikuwa limechukuliwa na mto. Nikapima kutoka katika mawe mawili yaliyosalia, lakini vipimo vya ramani ya zamani havikuafikiana, na hesabu zangu zilipishana hatua nne hivi. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikachagua hesabu moja, nikachora mstari mwembamba uliokaa vizuri, nikatia sahihi. Sikuandika neno juu ya zile hatua nne. Mmoja wao akauamini mstari wangu, akachimba kisima. Mwaka wa pili mto ulipopungua, jiwe la asili lilionekana mchangani, bado limesimama, na kisima kikawa upande wa mwenzake.

Nilirudi, nikakiri kosa kwa mkubwa wangu na kwao wote wawili, na ramani ikasahihishwa. Kisima kilifukiwa. Lakini watu wale waliacha kusalimiana, na mmoja wao alipofariki mwenzake hakwenda kuzika. Kosa halikuwa zile hatua nne. Kila kipimo kina hatua zake. Kosa lilikuwa kuzificha. Lau ningechora ukanda wa shaka badala ya mstari, wangengoja, au wangechimba kisima mbali nao, au wangekichimba pamoja.

Na mazoea hayo nilijifunzia wapi? Ni katika maabara ya shule hii, si kwa sababu walimu walitufundisha hivyo, bali kwa kuwa walikuwa hawatuoni. Tulikuwa tukipima mwendo wa timazi, na namba yangu isipolingana na ya jirani, niliifuta na kuandika ya kwake. Nilipata alama nzuri. Vijana, naona mnacheka; naona mnaijua kazi hiyo.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Namba yako isipolingana na ya jirani, usiifute. Iandike, uandike na sababu unazozishuku. Chombo chako kikikosa kusikia, andika kwamba kilikuwa macho nacho hakikusikia. Na hata mpaka uliokwisha kuchorwa usiuabudu: mwezi Machi 2023 ulipokewa mmweko uliopita nusu dakika, ambao kwa kanuni ya sekunde 2 ni mrefu, lakini mabaki yake yalionyesha dalili zile zile za nyota zilizogongana. Wataalamu hawakuona haya kusema kwamba kanuni yao ya miaka 30 ina mwanya.

Mwaka huu nimemwomba Mwalimu Mkuu aniruhusu nitoe zawadi ndogo ya kila mwaka katika maabara. Haitakuwa ya mwenye jibu lililo karibu zaidi na la kitabu. Itakuwa ya daftari lisilofutwa.