Mwangwi Hurudia, Haujibu

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wiki hii nilialikwa kushuhudia kidole kimoja kikijaribu kumvunja chawa kwa msaada wa umeme. Nitaeleza.

Ipo bendi moja ya dansi hapa Dar es Salaam, ambayo jina lake naliweka kando kwa sababu mambo ya ndani kwao si yangu kuyatangaza. Bendi hiyo hupiga mwisho wa wiki kwenye baa, na mapato yake siku hizi ni ya kubangaiza. Kiongozi wake, ambaye ndiye mpiga solo, alinipigia simu Jumatatu. Shemeji yake alikuwa amerudi kutoka Dubai na kumletea pedali ya mwangwi iliyokwishatumika, Boss DD-7.

"Kaka, wewe umekaa studio miaka mingi," akaniambia. "Njoo utusikilizie. Kama kitu hiki ni kama wanavyokisifia, basi gitaa la pili nitalipunguza."

Neno hilo "nitalipunguza" ndilo lililonitoa nyumbani. Gitaa halipunguzwi, ndugu zangu. Gitaa hutundikwa ukutani likasubiri. Anayepunguzwa ni mtu, na mtu huyo nilimfahamu: mzee aliyevuka miaka sitini, mwenye wajukuu wanaokula kwake.

Kabla sijafika huko, niwaeleze kifaa chenyewe. Sisi watu wa redio mwangwi tunaujua tangu enzi za tepu. Nilipoanza kazi, zile mashine za tepu zilikuwa bado zimo kwenye kona ya studio, na fundi mitambo mmoja mzee alinionyesha siri yake. Mashine ilikuwa na vichwa vitatu: cha kwanza kinafuta, cha pili kinarekodi, cha tatu kinasoma. Tepu ikikimbia inchi saba na nusu kwa sekunde, na kichwa cha kusoma kikiwa inchi moja na nusu mbele ya kile cha kurekodi, basi sauti itachelewa kwa moja ya tano ya sekunde. Ukiichanganya sauti hiyo iliyochelewa na ile ya awali, unapata mwangwi. Ukiirudisha tena kwenye kurekodi, unapata mwangwi wa mwangwi. Kwa ujanja wa namna hiyo, Sam Phillips kule Memphis, Marekani, alizipa nyimbo za Elvis Presley ule mwangwi wake katika miaka ya 1950. Kampuni ya Roland ya Japani nayo ilitoa mwaka 1974 mashine yake maarufu ya Space Echo, ambayo ndani yake mlikuwa na tepu inayozunguka. Ilikuwa nzito, na tepu ilichakaa.

Halafu zikaja tarakimu. Mwaka 1983 Boss, ambayo ni ya Roland hiyohiyo, ilitoa DD-2, pedali ndogo unayoikanyaga kwa mguu. Humo hamna tepu. Sauti ya gitaa inageuzwa kuwa namba, namba zinawekwa kwenye kumbukumbu, na baada ya muda uliochagua zinasomwa na kugeuzwa sauti tena. DD-7 niliyoikuta Jumanne ni mjukuu wa hiyo. Ilitoka mwaka 2008, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na DD-8 mwaka 2019. Ni nyeupe, inaingia kiganjani, na ina vifundo vinne vya kuzungusha: kimoja cha nguvu ya mwangwi, kimoja cha idadi ya marudio, kimoja cha muda, na kimoja cha kuchagua aina.

Tuliiunganisha. Kwanza tuliweka muda mfupi, kama ule wa tepu ya fundi wangu. Gitaa likanenepa, likawa kama limepigwa katika ukumbi wenye dari ndefu. Tukaweka aina inayoiga pedali za zamani, ambazo mwangwi wake unafifia na kuwa mzito kila unaporudi. Hiyo, nakiri, ilinigusa. Tukajaribu ile inayorudisha sauti kinyumenyume, vijana wakacheka. Ipo pia inayokuwezesha kurekodi kipande cha hadi sekunde 40, kikawa kinajirudia huku wewe ukipiga juu yake. Na ukishikilia pedali kwa mguu sekunde mbili hivi, inakuruhusu kuigongea mapigo ya wimbo, ikapanga muda wake kwa kukufuata.

Mimi nami nikataka kujionyesha. Nikazungusha kifundo cha marudio mpaka mwisho. Mwangwi ukazaa mwangwi, ukapanda, ukapiga mlio, mpaka mama muuza chapati jirani akaja kuuliza kama kuna usalama. Nikakirudisha kwa aibu.

Kisha kiongozi akafanya jaribio alilolikusudia. Akapanga mwangwi uje nusu sekunde baada ya kila noti, akamwambia mpiga dramu apige mapigo 120 kwa dakika. Hesabu inakubali: sekunde 60 ukizigawa kwa mapigo 120 unapata nusu sekunde. Akapiga noti, mwangwi ukaijaza nafasi, akapiga nyingine katikati. Wasikilizaji, nisiseme uongo. Kwa dakika mbili za kwanza ungeapa kuna magitaa mawili. Kiongozi akanitazama kama mtu aliyeokota fedha.

Dakika ya tatu wakaingia kwenye sebene. Mnajua sebene ilivyo: damu inachemka, mpiga dramu hakai palepale. Alipanda kidogo tu, tuseme mapigo 126. Sasa pigo ni sekunde 0.476, lakini pedali bado inangoja nusu sekunde. Mwangwi wa kwanza ulichelewa sehemu 24 katika elfu za sekunde, wa pili 48, wa tatu 72. Kwa karatasi ni kitu kidogo. Kwa masikio ni kama watu waliobeba jeneza halafu mmoja akawa na mguu mfupi. Wimbo ukayumba. Ilibidi kiongozi asimame, ashikilie pedali, aigongee upya, na wakati huo sebene ikawa imekufa.

Ndipo mzee mwenyewe akaingia, gitaa mgongoni. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote, lakini alipoiona ile pedali sakafuni alielewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona mmeleta kijana mpya."

Hakuna aliyejibu. Akachomeka waya, akasema, "Haya, pandisheni tena." Wakapandisha. Mpiga dramu alipokaza, mzee alikaza. Kiongozi alipokosea na kurudia kiitikio kabla ya wakati, mzee alimfuata kule alikokosea, akamrudisha njiani bila mtu wa nje kujua. Mashine ingelirudia kosa lile mara nne.

Nilipoulizwa hukumu yangu, nilisema hivi. Pedali ni nzuri, na bendi iitumie. Kwenye nyimbo za taratibu, kwenye utangulizi, solo itapendeza. Wachunge tu adapta: Boss hutaka volti 9 na hasi iwe katikati ya plagi, na adapta nyingi za redio zina chanya hapo. Lakini mwangwi hurudia, haujibu. Muziki wa dansi, tangu siku za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, umejengwa juu ya magitaa yanayojibizana. Mmoja anauliza, mwenzake anadakia. Ukijibizana na sauti yako mwenyewe, hayo si mazungumzo.

Kiongozi hakufurahi. "Kaka, maneno mazuri," alisema, "lakini mwenye baa ananilipa kiasi kilekile tukiwa watano au sita." Hilo nalo ni kweli, na sikuwa na jibu lake.

Wala sikuwa na uso wa kumhubiria sana. Miaka michache iliyopita, kituo kimoja nilichokuwa nikifanyia kazi kilimwondoa mtangazaji wa usiku, na kompyuta ikawekwa kucheza nyimbo hadi alfajiri. Waliniuliza maoni. Nilisema mitambo ni mizuri, gharama zitapungua. Sikusema kwamba kuna walinzi na wauguzi wa zamu waliokuwa wakipiga simu usiku ili wasikie mtu akiwaitikia. Usiku ule kompyuta haikukosea hata wimbo mmoja, na haikumwitikia mtu yeyote.

Kwa hiyo nilimwomba kiongozi jambo moja tu: asiamue kwa zile dakika mbili za kwanza, bali aamue kwa sebene. Amesema atafikiri mpaka mwisho wa mwezi. Jumamosi hii nitakwenda pale baa, nitaagiza soda, nitakaa nyuma na kuhesabu wapiga magitaa.