Mwili Nao Unahitaji Kuambiwa Kwamba Tumefika

Hotuba ya Kikundi cha Ngoma na Mazoezi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Sisi tuliotoka Burundi mwaka 2015 tulivuka mpaka na vifurushi vichache. Lakini tulibeba pia mzigo ambao hatukuuona: hofu iliyokaa mwilini. Mabega yamekaza, tumbo linasokota, na usiku mlango ukigongwa moyo unakwenda mbio. Akili inajua kwamba ni jirani. Mwili bado uko njiani unakimbia.

Ndiyo sababu tulianzisha kikundi. Hatuchezi ili tutazamwe. Kwanza tunasimama pekupeku, tukisikia udongo chini ya nyayo. Tunavuta pumzi kwa hesabu ya nne, tunaitoa kwa hesabu ya sita, kwa maana pumzi ikitoka polepole mapigo ya moyo nayo hupungua. Kisha bidoni linapigwa, nasi tunafuata kwa mguu, kiuno na bega. Mawazo yakienda mbali, tunayarudisha kwenye hatua. Tunakutana mara tatu kwa juma, dakika 50 kila mara. Jumla ni dakika 150, kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima.

Baadhi ya wazee walituonya kwamba mwenye msiba hachezi. Tuliwaelewa, maana hapa hakuna nyumba isiyo na msiba. Tukawaomba wakumbuke kwamba ngoma za kwetu, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, zilipigwa mwami alipotawazwa, na kwenye mazishi pia. Mzee mmoja alikuja mara mbili, akakaa pembeni kimya. Mara ya tatu alichukua bidoni, akasema tunalipiga vibaya. Tangu siku hiyo yeye ndiye mpigaji wetu.

Hatusemi ngoma ni dawa ya kila kitu. Asiyepata usingizi majuma mengi aende kituo cha afya, nasi tutamsindikiza.

Tunaomba mambo mawili. Mashirika yatuachie uwanja ulio karibu na mabomba kuanzia saa kumi jioni. Na ninyi wanaume, msiishie kutazama. Hofu haikuchagua kina mama peke yao.